Tambara Nalo Lina Haki ya Maji

Wasikilizaji wangu, mada yangu leo ni tambara. Nasema lile dekio lililotundikwa nyuma ya nyumba, kitambaa cha kufutia meza, kile cha kuepulia sufuria ya moto, na lile la chooni ambalo kila mtu nyumbani analijua lakini hakuna anayelitaja mbele ya wageni. Tuzungumze namna ya kuyafua yakishachafuka sana, na tuzungumze kama watu wa Singida, kwa sababu hapa kwetu maji ni ya kupanga na mafuta ya alizeti yamo katika kila jiko.

Naliona jambo hili kuwa kubwa. Tunafundishana kunawa mikono, tunafundishana kuchemsha maji ya kunywa, na ni vizuri. Lakini tambara linagusa kila kitu ndani ya nyumba. Asubuhi linafuta meza aliyomwagia mtoto uji, mchana linafuta kinyesi cha kuku aliyejipenyeza sebuleni, jioni linafuta mafuta yaliyorukia ukutani. Likimaliza linatumbukizwa kwenye ndoo ya maji meusi, linakamuliwa mara moja, linatupwa juu ya ukuta, na kesho linaanza kazi upya. Tambara la namna hiyo halisafishi nyumba. Linauchukua uchafu wa chumba hiki na kuugawa vyumba vingine, tena kwa bidii ya mtu anayeamini kwamba anafanya usafi.

Sehemu ya tatizo ni kwamba jambo hili hatukulirithi. Nyumba ya tembe ya wazee wetu, yenye paa la udongo na sakafu ya udongo iliyosiribwa kwa samadi ya ng'ombe, haikuwa na kazi ya dekio. Ilifagiwa, ikichakaa ikasiribwa tena. Dekio limekuja na sakafu ya saruji, na sasa vigae vinaongezeka mjini, na kigae hakifichi kitu. Bibi alituachia ujuzi wa kuosha kibuyu na kusugua chungu kwa mchanga, lakini kuhusu dekio hakuwa na la kutuachia. Kila nyumba imejibunia utaratibu wake, na nyingi zimejibunia ule wa haraka.

Sasa tuanze na maji, maana hapo ndipo penye kiini.

Mkoa wetu ni wa nusu ukame. Tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili, na mvua yenyewe kwa mwaka ni kiasi cha milimita 600 hadi 700. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Maji ya mji huu yanategemea zaidi visima virefu, na asiye na bomba uani anajua uzito wa dumu la lita 20 kutoka kioskini. Kwa hiyo mama wa Singida amejifunza kuyatumia maji kwa zamu. Maji yaliyofulia nguo nyeupe yanafulia za rangi, yanafuata soksi na mazulia ya mlangoni, yanafuata kudeki, na mwisho kabisa, yakiwa tope, ndiyo yanayofulia dekio lililodekia.

Nasema kwa dhati kwamba utaratibu huo ni wa akili. Mtu anayeyatumia maji mara nne kabla ya kuyamwaga asibezwe na mtu yeyote. Ninachoomba ni badiliko moja tu ndani yake. Tambara lipokee maji ya zamu katika hatua za mwanzo, lakini maji yake ya mwisho yawe safi. Tambara likisuuzwa kwa maji ya tope hukauka likiwa na tope lile lile, na pamoja na tope kuna chakula cha vijidudu. Ukilinusa usiku wa pili utajua.

Je, maji safi kiasi gani? Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kuna hesabu inayoweza kukuokolea nusu ndoo. Tuseme matambara yako, ukishayakamua kwa nguvu, bado yamebaki na lita 1 ya maji machafu ndani yake. Ukiyatia kwenye lita 5 za maji safi, ukayageuzageuza, ukayakamua, uchafu utakaobaki ni sehemu moja katika sita. Sasa chukua lita zile zile 5, uzigawe mara mbili. Suuza kwa lita mbili na nusu, kamua, mwaga; kisha suuza tena kwa lita mbili na nusu zilizobaki. Uchafu utakaobaki ni kama sehemu moja katika kumi na mbili. Maji ni yale yale, na usafi umekuwa maradufu. Siri yake ni kukamua. Kila unapokamua kabla ya kuongeza maji, umetoa uchafu ambao vinginevyo ungekwenda kuuchanganya na maji mapya. Mwenye mkono dhaifu amwombe mwenye mkono wenye nguvu. Tambara zito la kudekia linakamulika vizuri watu wawili wakishika huku na huku, na watoto wanaipenda kazi hiyo.

Na kabla ya maji yoyote, tambara kavu likung'utwe. Vumbi la Singida kuanzia Juni hadi Oktoba mnalijua, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Vumbi likiwa kavu linatoka kwa kupigwa ukutani mara tano. Likiloweshwa linageuka tope, na tope linaingia katikati ya nyuzi, na hapo utahitaji maji ambayo huna. Simama upande upepo unakotoka, geuza uso, kung'uta. Nywele, makombo, mabaki ya ugali, vyote vidondoke nje, kuku watajua la kufanya na makombo.

Tukija kwenye sabuni, tunakutana na jambo lingine la hapa kwetu. Visima vingi vya Singida hutoa maji magumu, yale tunayoyaita ya chumvi. Unasugua sabuni ya mche, povu halitoki, badala yake unaona utando mweupe au wa kijivu unaoelea na kuganda pembeni mwa beseni. Utando ule ni sabuni yako yenyewe. Maji yaliyopita kwenye miamba yamebeba madini ya kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo yanaikamata sabuni kabla haijaukamata uchafu. Kinachobakia kinang'ang'ania kitambaa, kitambaa kinakuwa kigumu na cha kijivu, na kinanata. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza kipande kizima cha sabuni kwenye dekio na dekio likabaki vile vile.

Dawa za hapo zipo mbili tatu. Kwanza, sabuni ya unga ya madukani haisumbuliwi sana na maji magumu kama inavyosumbuliwa sabuni ya mche, kwa hiyo kwa matambara machafu sana itumie hiyo, hata kidogo. Pili, magadi. Kipande kidogo cha magadi kikiyeyushwa kwenye maji kinayashusha yale madini yakatulia chini, na sabuni inapata nafasi ya kufanya kazi yake. Yeyusha, acha maji yatulie, chota ya juu. Tatu, asiye na magadi ana majivu ya kuni. Yafunge kwenye kitambaa, yaloweke usiku kucha, asubuhi maji yale yanateleza vidoleni kama sabuni, na yanakata mafuta vizuri. Lakini kuteleza huko ni dalili kwamba yanaila na ngozi yako. Mwenye vidonda mikononi asiyaguse, na mtoto asiachiwe beseni hilo. Na kuna maji ya bure ambayo tunayaacha yapotee: ya mvua. Maji ya mvua hayana madini hayo, sabuni kidogo inatoa povu jingi. Kati ya Desemba na Aprili, ndoo moja chini ya bati ingetengwa kwa ajili ya kufua.

Sasa alizeti.

Sisi ni watu wa alizeti. Inapandwa mvua zikianza kushika, inavunwa kuanzia Mei na Juni, na tangu hapo mashine za kukamua zinanguruma mjini na vijijini, mashudu yanapakiwa kwenye magunia, mafuta yanajazwa kwenye madumu yanayopangwa barabarani kuwangoja abiria wa mabasi. Nyumba nyingi hapa zinatumia mafuta ya mashine yasiyosafishwa kiwandani, yenye harufu yake nzuri na rangi yake. Nayo yana tabia ambayo kila anayefua tambara la jikoni ameiona, hata kama hajaambiwa sababu yake.

Mafuta ya alizeti yanakauka. Hayakauki kama maji, yaani kwa kwenda hewani. Yanakula hewa. Yakikaa kwenye kitambaa chembamba yanaungana na hewa ya oksijeni kidogo kidogo, siku baada ya siku, na kugeuka kuwa kitu kinachonata kama gundi. Utakiona kwenye ukuta ulio karibu na jiko, kwenye mfuniko wa dumu, na kwenye tambara la kuepulia. Yale yasiyosafishwa yana pia nta kutoka kwenye maganda ya mbegu, hiyo nayo inaganda kwenye baridi ya Juni na Julai. Gundi hiyo ikishashika, sabuni haiiwezi. Ndiyo maana tambara la mafuta halingoji siku ya kufua. Lifuliwe jioni ile ile, mafuta yakiwa bado mafuta.

Namna yake ni hii. Usilitie tambara la mafuta kwenye maji baridi kwanza, utakuwa umeyafungia mafuta ndani. Nyunyizia majivu makavu au unga wa pumba, sugua kwa mkono, kung'uta. Yatakuwa yamenyonya sehemu kubwa ya mafuta bila tone la maji. Kisha paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye tambara likiwa kavu, fikicha mpaka uone mafuta yamegeuka weupe weupe. Ndipo umwagie maji ya moto, ya moto kiasi mkono unavyovumilia. Acha robo saa. Fikicha, kamua, rudia mara moja. Maji ya moto huwezi kuyapata kwa kila tambara, najua bei ya mkaa. Lakini jiko la mkaa likishaivisha maharage linabaki na makaa yanayokufa polepole kwa saa nzima. Weka juu yake sufuria ya maji ya matambara. Moto huo umeshalipiwa.

Hapo kwenye mafuta niongeze jambo ambalo nataka lifike kwa kila mwenye mashine ya kukamua, kwa kila gereji, na kwa mafundi wa samani wanaopaka mbao mafuta ya kitani. Mafuta yanayokula hewa yanatoa joto. Kwenye tambara lililotandazwa joto hilo linapeperuka, hulihisi kabisa. Lakini ukiyakusanya matambara yaliyolowa mafuta, ukayarundika kwenye kona au ukayashindilia ndani ya gunia, joto la katikati halina pa kutokea. Linaongezeka, na kadiri linavyoongezeka ndivyo mafuta yanavyozidi kula hewa. Rundo linaweza kushika moto lenyewe, usiku, bila kiberiti na bila mtu. Mafuta ya kitani ndiyo yanayoongoza kwa hatari hiyo, ila ya alizeti nayo yamo kwenye ukoo huo. Karibu na mashine pana mashudu, pana magunia, pana dizeli. Ndugu zangu wa mashine, matambara ya kufutia mafuta yaanikwe moja moja nje kwenye waya, au yalowekwe kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko, mpaka yatakapofuliwa au kutupwa. Msiyarundike, hata kwa usiku mmoja.

Na lile lililokwisha kuwa gundi tupu, linalosimama lenyewe ukiliweka chini, hilo liacheni liende. Sabuni na maji mtakayomaliza kulifufua vina thamani kuliko kipande cha fulana kuukuu.

Nimesema vijidudu, sasa nirudi kwao. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mauritius, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, walichukua vitambaa 100 vya jikoni vilivyotumika mwezi mmoja na kuvipima. Vitambaa 49 vilikutwa vimeotesha bakteria. Walichogundua ni kwamba bakteria aina ya koli, wale wanaohusiana na kinyesi, walipatikana zaidi kwenye vitambaa vilivyokaa na unyevu kuliko vilivyokauka, na zaidi kwenye vile vilivyofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, yaani kukausha mikono, kufuta vyombo, kushika sufuria, kufuta meza.

Mambo mawili, basi: unyevu, na tambara moja kwa kila kazi. Yote mawili tunaweza kuyashughulikia bila kununua chochote.

Kuhusu kazi, tenga matambara. La meza na vyombo ni lake. La sakafu ni lake. La chooni na la mtoto ni lake, na halikutani na mengine kwenye beseni moja wala kwenye kamba moja. Ili mtoto au mgeni asikosee, yakate kutoka nguo zinazotofautiana waziwazi: kanga iliyochakaa iwe ya mezani, maana kanga ni pamba, imeshalainika kwa kufuliwa miaka, inanyonya maji na inakauka haraka, fulana nzito ya mitumba iwe dekio, taulo kuukuu iwe ya chooni. Nguo za nailoni na kiroba hazifai, zinasukuma maji huku na huku bila kuyanywa. Siku ya kufua anza na ya mezani, malizia na ya chooni, na hapo ule utaratibu wetu wa zamu za maji unafuata njia yake sahihi: maji yanashuka kutoka kwenye tambara safi zaidi kwenda kwenye chafu zaidi, wala hayapandi.

Tambara lililofuta matapishi au kinyesi lina utaratibu wake. Uchafu wenyewe utolewe kwanza chooni kwa kijiti au kwa maji kidogo. Kisha lichemshwe kwenye kopo la peke yake, lisilopikiwa. Singida tuko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 95 na si 100 kama ya Dar es Salaam. Msiwe na wasiwasi. Vijidudu vya kuharisha vinakufa chini ya hapo. Yakichemka vizuri dakika kumi yanatosha.

Wengine watauliza kuhusu Jik na dawa nyingine za klorini. Zinafaa, ila kwa mpangilio. Dawa ya klorini inaliwa na uchafu. Ukiimwaga kwenye tambara lenye tope na mafuta, nguvu yake yote inaishia kwenye tope, na vijidudu vinabaki salama, huku wewe ukiridhika na harufu. Fua kwanza, suuza, ndipo uloweke kwenye maji baridi yenye dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Na hapa naomba mnyamaze kidogo mnisikilize. Usiichanganye dawa hiyo na dawa ya kusugulia choo yenye tindikali, wala siki, wala ndimu. Inatoa gesi ya klorini, inayochoma koo na mapafu, na vyoo vyetu vingi vina dirisha dogo. Tambara la mtoto lililojaa mkojo nalo lisuuzwe kabisa kabla halijakutana na klorini, kwani mkojo na klorini vikichanganyika navyo vinatoa gesi mbaya. Na usiitie dawa hiyo kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu anaijua chupa ya soda, haijui lebo uliyobandua.

Halafu jua. Mungu ametupa jua ambalo mikoa mingine inalitamani. Tambara lililofuliwa vizuri, likaanikwa limenyooshwa kwenye kamba, upepo wa Singida ukalipata, kwa saa chache linakuwa kavu hadi kwenye pindo, na mwanga wa jua nao unaua sehemu ya vijidudu vilivyobaki. Kikwazo ni vumbi, kwa hiyo kamba ya matambara isiwe upande wa barabara, na isiwe chini chini ambako mbuzi na kuku wanapita. Anika asubuhi, anua likikauka, usiliache nje wiki nzima likisubiri kuhitajika. Miezi ya kuangalia zaidi ni Januari hadi Machi, mvua zikiwa zimeshika. Ndipo dekio linakaa limekunjamana kwenye kona ya choo siku mbili, linatoa madoa meusi ya ukungu, na mtu akilishika mkono unanuka siku nzima. Miezi hiyo tumia matambara machache, fua mara nyingi, na uyaanike karibu na jiko, mbali kidogo na moto.

Redio na usafi vina historia katika nchi hii. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Redio Tanzania waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kitabu pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Nguvu ilikuwa kwenye kile kikundi. Mtu hakusikiliza peke yake akasahau, alisikiliza na jirani aliyemwuliza wiki iliyofuata kama amefanya. Naikumbusha kampeni ile kwa sababu mambo ya tambara yanajadilika vizuri sana kwenye vikoba, kwenye jumuiya, kwenye kikao cha wazazi. Wanafunzi wetu wanakwenda shule na fagio, ndoo na dekio. Je, darasani kuna mahali pa kulianika hilo dekio? Kamati za shule, hilo ni swali lenu, na jibu lake ni waya wa mita tatu.

Na mama lishe wetu wa stendi ya Misuna na wa sokoni, ninyi mnalisha mji huu. Meza yenu inafutwa mara nyingi kwa siku kuliko meza yoyote ya nyumbani. Kama kitambaa ni kimoja na beseni ni moja tangu asubuhi, kufikia saa nane mchana mteja anakula juu ya kila kitu kilichopita pale. Vitambaa vinne vya kanga kuukuu, vilivyofuliwa jana na kukauka, kila kimoja kwa saa mbili tatu, kisha kinawekwa kwenye ndoo ya vichafu. Hakuna gharama hapo isipokuwa kamba na nia.

Sasa niseme juu ya mikono inayofanya kazi hii. Katika nyumba nyingi kazi ya kufua tambara la chooni inamwangukia mtu mmoja, na kwa kawaida ni yule mwenye sauti ndogo kuliko wote, yaani binti wa kazi. Mkoa wetu unajulikana kwa kuwapeleka mabinti Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kufanya kazi za ndani. Ni watoto wetu. Tunajua tunavyotamani watendewe huko waliko. Tarehe 16 Juni 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha, huko Geneva, mkataba namba 189 unaosema kwamba kazi ya ndani ni kazi kama nyingine, na anayeifanya anastahili mazingira salama na yenye afya. Mazingira salama, kwa mada yetu ya leo, yana maana ya glavu za mpira, yana maana ya kumweleza binti asichanganye dawa, yana maana ya mafuta ya kupaka mikono iliyopasuka kwa magadi na baridi ya Julai. Binti anayechomwa ngozi na Jik kwa kukosa glavu hawezi kukuambia, maana anaogopa. Basi mwenye nyumba aanze kuiangalia mikono hiyo bila kungoja kuambiwa. Na wanaume wa nyumbani, ninyi mnaofuta pikipiki kwa fulana na kuiacha juu ya tenki, fulana hiyo ina mafuta na ina vumbi, na ni yenu kuifua.

Nimalizie na maji machafu yenyewe, kwamba yamwagwe wapi. Mji wetu una maziwa mawili ndani yake, Singidani na Kindai, na heroe wanaokuja pale ni fahari yetu mbele ya kila mgeni. Maziwa hayo hayana mto wa kutokea. Kinachoingia kinabaki, maji yanapanda hewani kwa jua, na chumvi, sabuni na mafuta vinabaki ziwani. Ndiyo maana kufulia kando ya ziwa, au kumwaga beseni kwenye mfereji unaoelekea ziwani, ni jambo la kuacha. Maji ya matambara yenye tope na sabuni kidogo yamwage kwenye shimo lenye kokoto uani, mbali na kisima. Yaliyotumiwa magadi au majivu yasipewe mchicha wala miche, ardhi inaungua ikashindwa kuotesha. Yenye dawa ya klorini au ya tambara la chooni yaende chooni. Na tambara la pamba lililokwisha kabisa, lisilo na mafuta, lifukie kwenye shimo la taka za jikoni, litaoza. La nailoni halitaoza, hilo lisubiri gari la taka.

Wiki ijayo, muda kama huu, tutazungumza juu ya madumu ya kuhifadhia maji na utelezi wa kijani unaoota ndani yake. Wenye maswali kuhusu magadi na vipimo vyake, leteni, nitayajibu kabla ya kuanza mada hiyo.